Mama Amesugua Kopo la Oili la Baba

Msicheke kwanza.

Leo asubuhi kijana mmoja mwenye mkahawa hapa Adams Arcade alikuja nyumbani kuchukua kopo la marehemu baba. Lile la mdomo mrefu, la kumiminia oili kwa injini. Baba alitoka nalo stesheni ya petroli kule Parklands, alikofanya kazi miaka ya hamsini.

Kijana alitaka kuliweka kwa shelfu, wateja waone mambo ya kale.

Nilikubali tu. Tangu tumzike baba nakubali kila kitu.

Shida ni kwamba Mama alisikia mgeni anakuja. Na mnamjua Mama. Mgeni hapewi kitu chafu.

Akalileta kwa mikono miwili, linang'aa kama sufuria mpya. Amelisugua kwa waya na jivu tangu alfajiri. Rangi ya kijani imeenda. Maandishi yameenda. Hata ule weusi wa vidole vya baba pale pa kushikia, hakuna.

Kijana akaniangalia. Mimi nikaangalia ukuta.

"Shosho, si ungeliacha tu vile lilikuwa?" kijana akamuuliza Mama.

"Kwani mwenye kopo mwenyewe nilimuacha hivyo?" Mama akasema. "Kila jioni akitoka kazini nilimsugua mikono na jivu, ndio ale."



Kijana ameenda zake bila kopo. Liko hapa mezani.

Nimelinusa. Linanuka jivu, kama mikono ya baba tukila.