Ukurasa Mmoja wa Salu

Marehemu Mihayo wa Sapiwi hakuvuka darasa la pili. Alilima pamba, akafuga ng'ombe wachache, na misa ya Jumapili hakuikosa hata mvua ikinyesha. Katika watoto wote aliozaa, Mungu alimwachia mmoja, Salu. Huyo ndiye aliyekuwa macho yake. Barua, risiti za mbegu, Injili ya siku, vyote alisomewa na Salu.

Mwezi Machi wa mwaka juzi homa ikamchukua Salu akiwa kidato cha nne. Chini ya godoro lake likabaki daftari la jalada la bluu, limejaa mwandiko wake. Mihayo na mkewe Ng'washi hawakuweza kulisoma, na kumpa jirani moyo ulikataa. Mihayo alitaka alisome mtu anayeyajua maneno, naye asikie.

Ndipo kanisani likasomwa tangazo: harambee ya maktaba ya parokia, Bariadi mjini, mgeni rasmi Athanasi Lubinza, yule mwandishi wa riwaya ambaye Salu alimtaja kama mtu anavyomtaja mjomba wake.

Siku hiyo Mihayo alilibeba daftari, na mlangoni mwa ukumbi yeye na mkewe walipokewa na binti aitwaye Esteria.

"Shikamoo babu. Hilo daftari ni la mezani?"

"Marahaba. Ni la mgeni, alisome."

"Vya mgeni vyote vinawekwa mezani, babu. Nipe nikusaidie."

Akampa. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, juu yake keki, kuku wawili waliofungwa miguu na trei ya mayai. Mihayo aliiona, lakini hakudhani daftari nalo lingenadiwa. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa akishuhudia sadaka za namna hiyo zikinadiwa.

Katekista Deogratias akashika kipaza sauti. Kuku wakaenda, mayai yakaenda. Kisha akanyanyua daftari.

"Daftari la msomi wa Sapiwi! Jamani msinikodolee macho, mimi siyo ng'ombe wa mnadani! Nani anaanza?"

"Elfu hamsini!" akasema Masunga, mnunuzi wa pamba.

"Masunga, hiyo ni bei ya pamba yenye mchanga!" mtu akapiga kelele, ukumbi ukacheka.

"Haya, laki moja!" Masunga akaongeza. "Na ninamzawadia mgeni wetu."

Ng'washi akamvuta mumewe shati. "Baba Salu, simama useme."

"Niseme nini? Limeshawekwa mezani kwa Mungu. Nitamnyang'anya?"

Mgeni akaombwa asome kidogo. Akavaa miwani, akafungua katikati.

"Baba yangu hajui kusoma," akasoma, "lakini kila jioni huniuliza nimesoma nini. Nikimweleza, huweka kiganja juu ya kitabu taratibu, kama anayempapasa ndama mgonjwa. Anadhani simwoni. Iko siku nitamwambia kwamba..."

Akafunua ukurasa.

"Makofi kwa mgeni wetu!" Deogratias akadakia. "Muda umetubana, ndugu zangu, sasa keki!"

Daftari likaingia kwenye mkoba wa mgeni. Mihayo alipopenya hadi nje, gari la mgeni lilikuwa limeshaondoka. Wiki iliyofuata alimwomba paroko amwandikie mwandishi barua. Paroko aliandika mara mbili. Majibu hayakuja.

Tangu hapo, kila jioni baada ya rozari, Mihayo aliyasema yale maneno kwa sauti, neno kwa neno, Ng'washi akimsikiliza. Kila alipofika pale penye "kwamba" aliishia hapo, akaweka kiganja juu ya meza tupu.

Mwezi wa nane aliugua kifua. Siku ya mwisho, padri alipokwisha kumpaka mafuta, Mihayo alimshika mkono.

"Baba, wewe umesoma. Mtoto akianza hivyo, humalizia vipi?"

Padri akaanza Baba Yetu. Mihayo hakuitikia. Alikuwa bado anamtazama padri mdomoni, akisubiri.