Mstari wa Rangi Ndani ya Pindo

Enzi zetu, sisi tuliosoma Kitale miaka ya elfu mbili na kidogo, baridi ya asubuhi haikuwa na mzaha, na sweta ya shule ilifumwa na mtu unayemjua. Katika shule yetu mtu huyo alikuwa mama yangu.

Mashine yake ya kufuma ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na mlio wake, chrr kwenda, chrr kurudi, ndio uliotuamsha badala ya jogoo. Aliyeunganisha mikono na kifua alikuwa Mama Nafula, jirani yetu mzaliwa wa Bungoma, ambaye mdomo wake haukupumzika hata alipokuwa ameuma sindano. Mabaki ya uzi tuliyafunga yakawa mpira wa kuchezea kati, ule mchezo wa kumlenga aliye katikati; ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ukikupiga usoni uliishia kucheka. Githeri ya mchana, mahindi na maharagwe, haikukosa nyuzi mbili tatu za buluu, nasi tulizichomoa bila kulalamika.

Mama hakuhitaji tepu ya kupimia. Mtoto alipita njiani, naye akasema, "Huyo mikono ni ya babake. Ongeza vidole viwili." Hodari zaidi alikuwa kwenye pindo la chini. Kwa ndani alifuma mstari mmoja wa rangi, kila boma na rangi yake: kina Wekesa chungwa, kina Kamau zambarau, sisi kijani kibichi. Sweta ikisahauliwa uwanjani, uligeuza pindo tu ukajua mlango wa kuipeleka.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu mkuu alikuja nyumbani, akanywa chai polepole kuliko kawaida yake.

"Mama Wanjiru, muhula ujao sweta zitatoka kiwandani Nairobi. Zinafika na lori asubuhi moja. Wewe unahitaji likizo nzima."

Mama akauliza watoto watapimwa vipi.

"Kuna saizi tatu. Ndogo, ya kati na kubwa."

Mama Nafula akatoa sindano mdomoni. "Ati watoto wote wa hii shule wako saizi tatu? Bana, hata Mungu hakuwa amejua."

Mwalimu alicheka hadi chai ikamwagika, lakini uamuzi ukabaki palepale. Kazi ya shule ndiyo iliyokuwa kazi ya mama; bila hiyo, mashine ingegeuka meza ya kuwekea redio. Na lazima nikiri: mimi nilizifurahia sweta mpya. Zilinukia nailoni, mishono yake imenyooka kama mistari ya daftari. Mama alinikuta nikijitazama kwenye kioo, akasema tu, "Imekupendeza."

Wiki tatu hazikuisha kabla ofisi ya mwalimu mkuu haijajaa mlima wa sweta zisizo na mwenyewe. Wazazi wawili walivutana mbele ya paredi ya wanafunzi, kila mmoja ameshikilia mkono wa sweta ileile. Jumatatu mwalimu alirudi kwetu na magunia mawili, na safari hii hakungoja chai.

"Mama Wanjiru, zitie ile mistari yako."

"Si saizi tatu zilitosha?" Mama Nafula akauliza.

Mama alimkanyaga mguu chini ya meza, akavuta gunia karibu. Tangu hapo kila sweta ya kiwandani ilipita kwetu kutiwa mstari kwa sindano. Mashine nayo ikahamia kofia za watoto wachanga, ambazo dada zake Mama Nafula waliziuza Misikhu na Bungoma. Mlio ukarudi, chrr, chrr.

Leo nina shahada ya mambo ya nguo, na kiwanda ninakofanya kazi hutoa kabla ya chai ya saa nne sweta ambazo mama angefuma msimu mzima. Sijutii, watoto wengi hawatetemeki tena. Ila vijana wetu hutambua nembo ya kampuni kutoka ng'ambo ya barabara, na hawawezi kuitambua sweta yao wenyewe kati ya nyingine.

Muhula uliopita mwanangu alipoteza yake. Shuleni tulikuta rundo, nami nikaanza kugeuza pindo la kwanza, la pili, la tatu. Zote zilitoka kiwandani kwetu, safi, hazina mstari wa rangi.

"Mum, unatafuta nini?" akaniuliza. "Chukua yoyote, si zote ni sawa."

Tulirudi mikono mitupu. Nilimnunulia nyingine, na kabla hajaivaa niliitia ndani ya pindo mstari wa kijani kibichi. Umepinda kidogo. Wa mama haukuwahi kupinda.