Vidole vya Mukabera

Mukabera alikuwa na tabia ya kutazama mikono ya watu. Shule aliiacha darasa la tano huko Busasamana, akaingia kwenye kilimo cha viazi, kisha miaka mingi akavuka mpaka kila asubuhi kuuza maharage Goma. Uso wa mnunuzi hudanganya. Mkono ndio unaosema kama mtu atanunua au anapitisha saa tu.

Goti lilipoanza kumsumbua, Donat alimpa kazi ya kufagia duka lake la picha na video pale Nengo, upande huu wa mpaka. Mukabera akafagia, lakini kila Donat alipokaa kwenye kompyuta, ufagio ulisimama. Alitazama mikono. Mwaka wa pili alikuwa anakaa kitini mwenyewe. Ungemwuliza kitu kinaitwaje, hakujua. Ungemwambia akifanye, kilifanyika.

Kompyuta za duka zilikuwa mbili, na zote zilitumia Linux, kwa sababu flashi za wateja zilileta virusi visivyoisha. Ya kwanza ilikuwa na kioo na kibodi. Ya pili haikuwa na kioo. Ilikaa kwenye rafu ikitunza filamu zote. Waya mmoja uliziunganisha, na ili ufungue folda ya ile ya pili uliandika nywila, ambayo kila mtu dukani aliijua: amahoro.

Jumamosi moja Donat alikuwa Kigali kumzika mjomba wake, simu imezimwa. Jioni iliyotangulia chai ya maziwa ilimwagika kwenye kibodi ikafa, na usiku umeme ukakatika, kompyuta zote mbili zikazimika. Asubuhi umeme ukarudi, Mukabera akamwita Rukundo, fundi wa mtaa wa pili, naye akaja na kibodi mpya ya sokoni. Alikuwa hajamaliza kuichomeka, Nyirasafari akaingia, kitenge cha sherehe mwilini, jasho usoni, akamwita Mukabera kwa jina la mwanawe.

"Mama Gentil, video ya babu iko wapi? Wakwe wanafika ukumbini Rubona saa nane!"

Nyirasafari alikuwa shangazi wa bibi harusi, Igihozo. Babu yake Igihozo mzaa baba aliishi Goma, na bila neno lake mtoto hatolewi kwa wakwe. Kwa kuwa alikuwa mgonjwa, walimrekodi kwa simu akitoa baraka, wakaileta video dukani, kisha wakaifuta kwenye simu kupata nafasi. Siku tatu baadaye babu akalazwa hospitali, mpira wa kupumulia kooni. Hakuweza kusema tena. Maneno yake yalibaki mahali pamoja tu duniani: kwenye ile kompyuta ya rafuni.

Rukundo akaandika nywila. Ikakataliwa. Akaandika tena, polepole, akitazama kila herufi. Ikakataliwa.

"Bon," akasema, akikuna kidevu. "Diski ya ile ingine imeharibika. Umeme umeiua. Donc, tunafuta yote, tunaweka mupya."

"Kufuta?" Nyirasafari akashika kifua. "Na babu?"

"Babu atarekodi ingine."

"Babu iko na mpira kooni, we mutu!"

Mukabera alikwisha kusimama kati ya Rukundo na rafu. Akikosea yeye, kazi imekwenda na sherehe imekwenda. Lakini kuna kitu alikiona, na macho yake hayakuwa na mazoea ya kumdanganya.

"Hapana. Usiiguse."

"Mama Gentil, we ulifundishwa kufagia. Mi nilisoma informatique, mambo ya kompyuta."

"Ndiyo, ulisoma. Lakini andika tena niangalie."

Rukundo akacheka, akaandika. Mukabera hakutazama kioo, kilichoonyesha vitone vitupu. Alitazama kidole cha kwanza. Kilianzia mstari wa katikati.

"Donat haanzii hapo," akasema. "Donat anaanzia juu kabisa, pembeni. Halafu anakwenda mbali kulia, karibu na kidole kidogo."

"Lakini A iko hapa! Imeandikwa!"

"Mi sisomi yaliyoandikwa. Toka."

Akakaa. Kibodi iliyokufa ilitoka Goma, ya Kifaransa, na kompyuta ilikuwa bado inaamini ndiyo iliyo mezani. Hii mpya ilichapwa herufi kwa mpangilio wa Kiingereza, ambao A na M zake hukaa mahali pengine. Mukabera hakuyajua hayo kwa maneno. Alifumba macho, akapeleka vidole pale vilipozoea kwenda, kama mtu anayetafuta chumvi jikoni gizani.

Folda ikafunguka.

"Yesu wangu," Nyirasafari akanong'ona. Rukundo akainama kutazama kibodi, akatazama kioo, akapiga ulimi.

Furaha haikukaa. Walipoijaribu kwenye televisheni kuukuu ya duka, sauti ya babu ilitoka, picha ikabaki nyeusi.

"Simu yenu ni ya kisasa," akasema Mukabera, "na televisheni ya ukumbi ni kama hii yetu. Inabidi tuigeuze video iwe ya aina inayosomeka."

"Itachukua siku nzima," Rukundo akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Kwanza akainakili video kwenye kompyuta ya kwanza, maana Donat hakugeuza kitu kupitia waya. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akabonyeza mshale wa juu mara nyingi hadi ukatokea mstari ambao Donat huutumia kila wiki kugeuza video. Akabadilisha jina la video tu. Namba zikaanza kukimbia. Kwa dakika ishirini na tano hakumruhusu mtu kupita karibu na plagi, hata Nyirasafari aliyetaka kuchaji simu.

Ilipokwisha, akaiweka kwenye flashi, akaijaribu kwenye televisheni. Babu akatokea, kofia kichwani, macho makali.

"Panda moto na mimi," Nyirasafari akamwambia, akisimamisha pikipiki. "Simpi mutu mwingine hiyo flashi."

Rubona wakwe walikuwa wamekwisha kukaa, msemaji wao ameanza kuuliza kwa utani kama upande wa pili hauna mzee. Mukabera akapita katikati yao na goti lake, akachomeka flashi.

"Igihozo ni mtoto wangu," babu akasema kwenye televisheni ya ukutani. "Ninamtoa kwa mikono miwili. Anayemchukua amchukue kwa miwili."

Wakwe wote wakasimama, wakanyoosha mikono miwili mbele. Vigelegele vikapasua ukumbi. Nyirasafari akamvuta Mukabera hadi kiti cha mbele, kati ya mashangazi.

"Huyu ni nani?" msemaji wa wakwe akauliza.

"Fundi wetu," akajibu Nyirasafari.