Nguzo Iliyopinda ya Ujiji

Mume wangu alikuwa mpiga picha mjini Tabora, zama za Mwingereza, na kazi iliyotulisha ilikuwa nusu yake uongo. Hakuichapa picha mpaka kwanza akae dirishani na negativu, ile filamu ya kuchapia picha, penseli mkononi na wembe kando, awaondolee wazee makunyanzi, vijana wa seminari ya Kipalapala chunusi, na bwana harusi kovu lake la utotoni. Watu walitoka studio yetu wazuri kuliko walivyoingia, kesho yake wakatuletea ndugu zao. Nilizoea kumwambia kwamba siku akimpiga picha nyani, watu wataleta posa.

Baba yake, mkwe wangu, tuliishi naye mtaa wa Chemchem, katika chumba cha uani kilichotazamana na mlango wa jiko. Ujanani alikuwa mpagazi, akibeba mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka Ujiji, kabla reli haijafika ziwani. Safari yake ya mwisho alikwenda na mdogo wake. Walikuta Wajerumani wanajenga gati la mbao, wakatua mizigo na kuajiriwa kusimamisha nguzo. Mdogo wake alisimamisha moja tu. Homa ilimchukua kabla hajaanza ya pili, akazikwa jirani na ufuko, na kaka yake akarudi Tabora peke yake. Miaka ilivyokwenda, nyumba zilijengwa juu ya makaburi yale. Alichobakiza kijana yule duniani kilikuwa nguzo moja ndani ya maji.

Haya ninayaandika hapa kwa sababu ninayajua leo. Wakati ule hakuna aliyeyajua nyumbani, hata mwanawe. Mzee alikuwa mtu wa hadithi nyingi, lakini mdogo wake hakuwa akimtaja.

Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kuzibwa na mtoto wa jicho, na la pili lilianza kuingia ukungu. Asubuhi moja alimwita mume wangu.

"Nenda Ujiji na hiyo kamera yako," alimwambia. "Uniletee picha ya gati nililojenga. Nataka kuliona kabla hili nalo halijafunga."

Sisi tulidhani mzee anataka kujivunia kazi ya mikono yake. Tulipanda treni mpaka Kigoma, tukadandia lori la muuza chumvi mpaka Ujiji. Nilikwenda kwa kuwa nilitaka kuliona ziwa, na kwa kuwa mume wangu akiingia chini ya kile kitambaa chake cheusi husahau kula, kulipa nauli, na pengine hata kwamba ana mke.

Gati lilikuwa limechakaa kweli. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, kwa hiyo nusu yake ilisimama kwenye mchanga mkavu bila kazi yoyote. Mbao zilikuwa na rangi ya jivu, nyingine zimeng'oka, misumari imetiririsha kutu. Huko mwisho, ndani ya maji, palikuwa na nguzo moja iliyolala upande, nyeupe tupu kwa mavi ya ndege. Mume wangu alifurahi hata akaanza kuimba. Alisema gati lile lilizaliwa kwa ajili ya picha ya nyeusi na nyeupe, maana hata ukilitazama kwa macho halikuwa na rangi nyingine.

Wakati anahangaika na miguu ya kamera, nilikwenda kuketi kule mwisho, nikaiegemea ile nguzo iliyopinda. Nilikuwa na njaa. Nilinunua muhogo wa kuchemsha na dagaa, nikawa nakula huku miguu inaning'inia, kanga nimeipandisha magotini isilowe. Upepo ulinivua ile ya kichwani, nami mikono yangu yote miwili ilikuwa na dagaa.

"Tulia hapohapo, nipime mwanga," alipiga kelele.

Nilitulia. Nikasikia kamera inalia.

"Umenipiga?"

"Nimepima tu."

Nilimwapia kwamba akiichapa picha ile nitarudi kwetu. Wala sikuwa nafanya mzaha. Nyumbani kwetu mkamwana hali mbele ya mkwe wake, hafunui kichwa mbele yake, na magoti yake hayatajwi. Tangu niolewe nilikuwa nikila jikoni nimefunga mlango, kwa vile chumba cha mzee kiliutazama. Picha ile ilikuwa na makosa yote matatu, na mashavu yamejaa muhogo juu yake. Nilishuka kwenye gati, naye akapiga picha ya pili, nzuri, isiyo na mtu.

Tulirudi Tabora, akakaa dirishani na negativu ya ile nzuri kwa muda mrefu. Nilipompelekea chai alikuwa anaikwangua ile nguzo nyeupe kwa ncha ya wembe, taratibu, mpaka mahali pake pakawa maji. Alisema ilikuwa inaharibu mstari. Nilitazama, nikaona kweli gati limependeza, nikamsifu.

Aliichapa kubwa, akaitia fremu, akampelekea baba yake. Mzee alikwenda nayo mlangoni penye mwanga, akaisogeza hadi karibu iguse pua. Kidole chake kilipita nguzo baada ya nguzo. Kilipofika mwisho kikasimama, kikarudi nyuma, kikaenda tena.

"Ile iliyopinda iko wapi?"

Mume wangu alinitazama mimi.

"Imeanguka," mzee alisema. "Haya. Imekaa sana."

Akakaa kitandani, na hapo ndipo alipotuambia. Walikuwa wamemwambia mdogo wake achimbe zaidi, akasema shimo linatosha, yeye anajua. Walipogundua kwamba imelala, mbao za juu zilikuwa zimekwisha kupigiliwa, na kambi nzima ikamcheka. Kabla wiki haijaisha walikuwa wamemzika. Alisimulia huku anatabasamu, machozi yanatoka kwenye macho yote mawili, zima na bovu.

"Haikuanguka, baba," mume wangu alisema. "Nimeifuta mimi. Ilikuwa inaharibu picha."

Mzee akasema, "Hata siku zile ilikuwa inaharibu. Irudishe."

Wembe ukishapita, hakuna cha kurudisha. Kwenda tena Ujiji haikuwezekana, mvua zilikuwa zimeikata reli huko Malagarasi na hakuna aliyejua itatengenezwa lini. Na jicho la mzee halikuwa linasubiri reli.

Mume wangu aliingia chumba cha giza, nikamfuata. Alikuwa ameshika bahasha ya kaki na haniangalii usoni. Nilijua palepale ni negativu gani.

"Ulisema umeitupa!"

"Nilisema nitaitupa."

Nilimtukana kidogo, nisiseme uongo. Halafu nikamfikiria yule mzee na kidole chake kikitafuta juu ya maji matupu, hasira ikanitoka na badala yake nikataka kulia.

"Chapa," nikasema.

Alichukua wembe. "Ngoja kwanza nikuondoe wewe."

"Uniondoe wapi? Mgongo wangu umeegemea nguzo yenyewe. Ukianza kunikwangua mimi, utamkwangua na yule. Weka wembe chini, uchape hivyo hivyo."

Nilimpelekea mwenyewe. Nilijifunika mpaka kwenye nyusi, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa, nikainamisha uso. Nilimsikia anakwenda mlangoni. Masikio yalikuwa yananiwaka moto. Kisha nikasikia anamwamkia mtu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kwa sauti ya kumwamkia mdogo, na baada yake kicheko. "Bado umepinda, mjinga wewe. Tulikwambia uchimbe."

Niliinua macho. Alikuwa ameielekeza picha kwenye jua, na kidole gumba chake kilikuwa kimekaa juu yangu, kimenifunika kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mwanangu," aliniambia bila kugeuka, "jicho langu hili halioni watu tena. Linaona miti tu."

Tangu siku ile kila alipoitoa picha, hata akiwa peke yake, aliishika vivyo hivyo. Jicho lilipofunga kabisa aliendelea kuishika. Alipofariki ikaletwa kwangu. Nguzo ilikuwa inaonekana safi, na mavi yake ya ndege, na mbao zilizong'oka. Mahali nilipoketi karatasi ilikuwa imesuguliwa na kidole gumba hadi ikawa nyeupe.

Mume wangu aliniuliza kama aichape upya, maana negativu bado anayo. Nilimkataza. Hakuna mtu aliyewahi kuniheshimu namna ile.