Shemeji na Bahari ya Pazia

Niseme ukweli mapema ili nisije kuonekana mtakatifu: begi langu lilikuwa limeshafungwa. Nguo nne, kandambili mpya, na kofia pana niliyoijaribu mbele ya kioo mpaka shingo ikachoka. Safari haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada yangu na mumewe, lakini shemeji yangu namjua, na nilikuwa na hakika kwamba haendi popote.

Shemeji ni mpiga picha. Mtaa mzima unamwita Tabasamu, kwa kuwa ndilo neno analosema kabla ya kubonyeza kamera, ingawa uso wake mwenyewe muda wote ni wa mtu anayeumwa jino. Studio yake ni chumba kimoja kati ya duka la dawa na fundi viatu: kiti cha kuzunguka cha picha za pasipoti, taa yenye mwavuli mweupe, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Ukutani kuna mabomba mawili, kila moja limeviringishiwa pazia. La kwanza ni mlima wenye theluji kileleni na misonobari chini. La pili ni bahari. Aliyachora mwenyewe mwaka aliomwoa dada. Mteja akiingia tu anaulizwa, "Mlima au bahari?" kwa sauti ya mtu mwenye funguo za kote kuwili.

Siku hizi kila mtu ana kamera kwenye simu, lakini kwa Tabasamu bado wanakuja: wanandoa, wahitimu, bibi na wajukuu zake. "Huko mlimani kuna baridi, sogeleaneni," anawaambia. "Baharini jua kali, mama, kunja macho kidogo." Mimi mwenyewe niliishi miaka nikidhani ametembea dunia nzima.

Dada ni mkunga. Mwaka huu alistaafu, na wenzake wa wodini wakamfanyia jambo ambalo sijaona mtu akifanyiwa. Walimpa bahasha yenye safari ya watu wawili, siku saba, nauli na malazi. Mlimani au pwani, achague mwenyewe. Jibu lilitakiwa kwa mkuu wa wodi Ijumaa kabla ya saa sita mchana, ili chumba kishikwe.

Alirudi nyumbani ameikumbatia ile bahasha kama kichanga. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa hawajawahi kulala pamoja nje ya nyumba yao, labda msibani.

"Mume wangu," alisema, "mimi popote nitafurahi, mradi tuwe wote. Mwenye macho ni wewe. Chagua."

Jumatatu shemeji akasema mlimani kifua kitambana. Dada akasema basi bahari. Jumanne akasema baharini jua litampasua kichwa. Dada akasema basi mlima. Jumatano akauliza ni nani atakayepiga picha za vitambulisho za watu yeye akiwa anazurura. Dada akaweka kijiko mezani taratibu. Akitulia hivyo, muogope.

"Nimekuelewa," alisema. "Ijumaa saa sita. Kama utakuwa hujachagua, naenda na mdogo wangu."

Mdogo wake ni mimi. Nilijitia kuhuzunika, nikaosha vyombo bila kuombwa, kesho yake asubuhi na mapema nikaenda kununua kofia.

Mchana wa siku hiyohiyo, Alhamisi, dada alinituma nimpelekee shemeji chakula studio. Mlango ulikuwa umerudishiwa, jambo geni kabisa saa za kazi. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya pazia la bahari, brashi mkononi, miwani kwenye paji la uso, kopo la rangi ya buluu wazi pembeni.

"Shemeji, umedondosha nini?"

"Funga mlango," alisema.

Nikafunga. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kukiri mbele ya polisi.

"Mwaka jana alikuja baharia mmoja mstaafu. Shida yake ilikuwa picha ya kitambulisho tu. Akaliona hili pazia, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, 'Fundi, haya mawimbi yanakuja au yanaondoka?' Nikamwambia yanakuja. Akasema, 'Mbona yameupa mchanga mgongo?'"

Nililitazama pazia. Nimepigwa picha pale mara ngapi sijui, na sikuwahi kuona kitu.

"Sasa uliyachoraje?"

"Kwa kusimuliwa. Na picha ya kalenda, ndogo hivi." Alionyesha kwa vidole. "Sijawahi kufika, shemeji. Si baharini, si mlimani. Na nusu ya mtaa huu imetundika bahari yangu sebuleni. Nikienda nikakuta nimewadanganya watu miaka yote, nitarudi niwaangalie na macho gani?"

Hapo shetani wangu akaninong'oneza: nyamaza tu, kesho saa sita si mbali. Na kweli nilinyamaza, tena kwa muda wa kutosha kuniaibisha. Lakini shemeji akaanza kuligeuza wimbi moja kwa brashi, na wimbi likazidi kuharibika. Hasira zikanipanda, na hasira zangu hazina hodi.

"Nikwambie kitu? Wewe si mwongo, wewe ni mwoga. Dada yangu anataka safari moja na mume wake, na wewe umejifungia humu unagombana na wimbi! Kama bahari unaiogopa, si useme mlima? Mlima hakuna aliyeulalamikia."

"Mlima labda nimeukosea zaidi," alisema kwa unyonge. "Bahari angalau nimeshaambiwa kosa langu."

Nilicheka bila kupenda. Yeye hakucheka. Nikamwachia chakula nikaondoka. Dada sikumwambia kitu, kwa sababu jambo lile lilikuwa la shemeji kulisema mwenyewe.

Ijumaa tulikuwa wodini, mimi na dada, mkuu wa wodi amekaa mezani na kalamu yake. Saa tano na nusu. Saa sita kasoro kumi. Dada aliutazama mlango mara ya mwisho.

"Andika mdogo wangu," alisema. Sauti ilikuwa kavu na kidevu kinamcheza. Jamani, siku ile sikuitaka tena safari hata ya bure.

Mara tukasikia zogo kwenye korido. Shemeji aliingia ndani ya wodi ya wazazi, mahali ambapo wanaume huzuiwa getini, na mlinzi nyuma amemshika shati.

"Bahari!" alisema huku anahema. "Andika bahari. Mimi na mke wangu."

Na palepale, mbele ya wauguzi na kina mama watatu wanaonyonyesha, akamweleza dada yote: kalenda, baharia, mawimbi, aibu yake. Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si kwamba hukutaka kwenda na mimi?"

"Sikutaka ujue kwamba sijui."

"Mume wangu, wakati unachora nani alikushikia ngazi? Nilijua tangu siku ile kwamba hujafika popote."

Wodi nzima ikaangua kicheko, mlinzi akiwa wa kwanza. Mkuu wa wodi akaandika haraka, kabla mtu hajabadili mawazo.

Waliondoka Jumatatu. Mimi nikaachiwa funguo za studio, maana picha za vitambulisho naziweza. Nilizipiga kwa kinyongo, sifichi. Siku ya tano simu ikaita, na nyuma yake kulikuwa na ngurumo nikadhani wako kiwandani.

"Shemeji, nilikosea!" alipaza sauti. "Si mawimbi tu. Rangi nimekosea, mchanga nimekosea, ukubwa ndiyo usiseme. Kila kitu!"

"Pole."

"Pole ya nini? Dada yako yumo majini mpaka magotini, gauni amelikusanya mkononi, kila wimbi likija anaruka na kupiga mayowe. Anacheka, shemeji! Anacheka mpaka anajishika mbavu. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, sikujua kwamba anacheka hivi."

Nilimsikia dada kwa mbali akimwita, acha hiyo simu, njoo.

"Tumeongeza wiki," alisema. "Wateja waambie sipo." Akakata.

Nilikata kipande cha boksi, nikaandika: Fundi amesafiri na mkewe. Nikakibandika mlangoni, nikafunga studio nikaenda nyumbani.