Katoni ya Shilingi za Mfalme

Shule sikufika mbali, ndugu zangu, lakini nakusanya sarafu za Mwingereza. Huko soko la Zhanxi, Guangzhou, nilimwonyesha mama muuza vifungo shilingi ya Mfalme Joji, yenye simba nyuma. Kujisifu tu, uzee huu. Akaomba abaki nayo hadi kesho, nikamwachia, maana chai yake tamu.

Kesho yake akanifungulia katoni imejaa shilingi mpya, zote na kichwa cha mfalme. Nikajua tumechapa hela bandia. Nikaikalia katoni kuificha.

Mara askari akaja kukagua pasipoti. Simu yake ya kutafsiri ikasema, "Babu, unaumwa?"

Nikamfikiria mke wangu kule Tanga akiambiwa nimefungwa ugenini. Nikanyoosha mikono nitiwe pingu. "Ni zangu zote, mwanangu. Huyu mama hana kosa."

Askari akaniinua, akachukua moja, akaigeuza. Hapakuwa na simba, palikuwa na kijitundu cha kupitishia uzi.

"Uliniachia sampuli," mama akasema kwa simu ileile, anacheka ameshika meza. "Nimekutengenezea vifungo."

Askari akakipima kimoja kwenye shati langu, palipokatika kifungo.

"Kinakufaa, babu."