Bwawa la Siri

Kwa miaka kumi na tisa mama mmoja alitandika vitanda vya hoteli, na juu ya kila meza aliweka kadi ya mambo mazuri ya kuona kisiwani. La kwanza lilikuwa "Bwawa la Siri", dimbwi la maji ya bahari katikati ya miamba. Kila alipoipangusa kadi hiyo alisonya. Siri ya nani, wakati bibi yake alimfundisha kuogelea humo, yeye na watoto wa mtaa mzima?

Siku yake ya mapumziko alijitupia taulo begani akaenda. Mlinzi wa geti ambalo hoteli ilikuwa imeliweka hapo alikuwa shemeji yake.

"Shemeji, humu wanaingia wageni tu. Ukionekana, huna kazi."

"Wewe ulijifunzia wapi kuogelea?"

Mlinzi alijikuna kisogo. "Humu humu."

"Kujifunza gani? Ulizama kama jiwe, nikakuvuta kwa masikio."

"Ni kweli, lakini amri ni amri."

"Basi andika kwenye daftari lako kwamba nimeingia. Jina langu usilikosee."

Akampita. Maji yalikuwa yamemfika kifuani meneja alipotokea mbio, akamwamuru atoke.

"Nikimaliza kuogelea," alijibu bila kupaza sauti. "Kesho saa moja nitakuwa kazini. Ukitaka kunifukuza, nifukuze mbele ya wenzangu, na kosa langu ulitaje."

Kisha akalala chali, akapiga miguu kuelekea mwamba wa mbali.